Kuhama Windows kwenda Linux Mint: diski iguse mwisho

Haipiti wiki bila mtu kuweka laptopu juu ya kaunta ya steshenari yangu na kuuliza swali lilelile: "Windows 10 wameitupa, na hii yangu inaikataa 11. Nifanyeje?" Mwingine huja Jumatatu akiwa ameshachelewa. Jumamosi alijiwekea mwenyewe Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, akafuta kila kitu, sasa anatafuta picha za harusi. Kueleza kwa mdomo kumenichosha, basi haya hapa yote, kwa mpangilio ninaoufuata mimi.

Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana. Laptopu za mtumba zilizojaa madukani kwetu, kama ThinkPad T450, EliteBook 840 G3 na Latitude E7470, hazifiki hapo. Lakini hazijafa. Zina miaka mingi ya kuandika barua, kutunza hesabu na kuingia intaneti.

Linux ziko za aina nyingi, na kubishana ipi bora ni mchezo wa wenye muda. Hapa nafundisha moja tu: Linux Mint, toleo la 22. Menyu yake iko chini kushoto kama ulivyozoea, nayo itaendelea kupata masahihisho hadi 2029. Mtu akikuambia uanze na Arch, Linux ya wazoefu, mshukuru, kisha uendelee kusoma hapa.

Nani asihame

Usianze kabla ya kujibu hili: kuna programu gani ambayo bila hiyo hupati hela? Microsoft Office ya kusakinisha, Photoshop, Premiere, AutoCAD na FL Studio hazina toleo la Linux. Utaambiwa habari za Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, na mara nyingine inasaidia kweli, lakini usiweke mkate wako juu yake. Michezo mingi ya Steam inacheza vizuri, ila Valorant na Fortnite hazichezi. Kama kazi yako ni kuchora ramani za nyumba kwa AutoCAD, baki Windows, au weka mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Njia hiyo nimeieleza kwenye hatua ya 8.

Waliobaki, yaani wanaoandika, wanaosoma, wanaotuma barua pepe, wanaotazama video, wanaofanya Zoom na wanaofungua WhatsApp kwenye kivinjari, hawatapungukiwa na kitu.

Andaa hivi

– Kompyuta ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Kwa GB 2 Mint itawaka, ila ukifungua kurasa nne za intaneti utaanza kusali.
– Flashi mbili za GB 8 au zaidi, zisizo na kitu unachokihitaji. Moja ni ya Mint, nyingine ni ya kurudishia Windows mambo yakikataa.
– Diski ya nje, au kompyuta ya jirani, ya kuwekea nakala za faili zako.
– Bando la GB 5 hivi. Faili la Mint pekee linakaribia GB 3, na masahihisho ya siku ya kwanza yana uzito wake.
– Simu na waya wake wa USB. Utaona kazi yake Wi-Fi ikigoma.
– Chaji. Usisakinishe kwa betri tupu, wala siku ya mgao wa umeme kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Ushauri wa pembeni: kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, ile unayoisikia ikikwaruza, nunua SSD kabla ya yote. Itakuongezea kasi kuliko Linux yoyote.

Hatua zenyewe

1. Badili programu kwanza, mfumo uache.

Hatua hii kila mtu anairuka, na ndiyo inayoamua kama utafika. Ukiwa bado ndani ya Windows, sakinisha LibreOffice, Firefox, VLC, na GIMP kama unahariri picha. Zote zina toleo la Windows na ni za bure. Zitumie kwa wiki mbili kana kwamba Word na Excel hazipo. Usichungulie.

Kinachowashinda watu mara nyingi ni LibreOffice na nyaraka za wengine. Ibane tangu mwanzo: ingia Tools, Options, kisha Load/Save, General, na uiambie ihifadhi kwa mtindo wa Word na Excel, ili unayemtumia faili asikupigie simu kulalamika. Badala ya Calibri utaona Carlito, na badala ya Cambria utaona Caladea. Herufi hizo zina upana uleule, hivyo mistari haihami kurasa. Barua ya kuomba kazi itume kwa PDF siku zote, hata ukiwa na Word. Faili za Excel zenye makro nzito zijaribu moja moja, kwa sababu baadhi zitavunjika.

Kwa wenye kumbukumbu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Kwa hiyo si mgeni kabisa hapa kwetu.

Wiki mbili zikipita na bado unarudi kwenye Excel kila siku, umepata jibu bila kufuta hata faili moja. Utaweka mifumo miwili, au utabaki ulipo.

2. Toa nakala ya kila kitu, kisha uihakiki.

Documents na Pictures kila mtu anazikumbuka. Watu husahau Desktop, Downloads, alamisho na maneno ya siri yaliyo ndani ya kivinjari, na barua za Outlook. Ukimaliza kunakili, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine ufungue faili kumi za hapa na pale. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Ukisha, chomoa diski ya nje uiweke chumba kingine. Sisemi kwa mzaha. Mashine ya kwanza niliyoihamisha ilikuwa ya dukani kwangu, na niliiacha diski ya akiba imechomekwa wakati nasakinisha. Skrini ikaniuliza niweke mfumo kwenye diski ipi, nikabonyeza ya kwanza kwenye orodha. Ilikuwa ya akiba. Miaka minne ya kazi za wateja, mialiko ya harusi na katiba za vikoba, ilikwenda kwa kubonyeza mara mbili, na hapakuwa na wa kumlaumu ila mimi.

Siku hiyohiyo, kwenye ile flashi ya pili, tengeneza flashi ya kusakinishia Windows kwa programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool. Kuitengeneza ukiwa Windows ni rahisi. Ukishahama ni usumbufu.

3. Zima vitu viwili ndani ya Windows.

Cha kwanza ni Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, inasinzia tu, na Linux itakataa kuandika kwenye diski yake. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi uandike:

powercfg /h off

Cha pili ni BitLocker, kufuli la diski la Windows, ambalo kwenye mashine nyingine huitwa Device encryption. Wengi wanayo bila kujua. Kwenye dirisha lilelile andika:

manage-bde -status

Ikionyesha diski imefungwa, izime na usubiri imalize kufungua, hata kama ni saa mbili. Usipoizima, angalau ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft unakili funguo ya kurejesha, tarakimu 48, kwenye karatasi. Usiiandike kwenye kompyuta ileile unayoichezea.

4. Pakua Mint na uhakikishe haijaharibika njiani.

Ingia linuxmint.com. Utakuta sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Ukiwa na RAM ya GB 4 au zaidi chukua Cinnamon. Chini ya hapo, Xfce. Kama mtandao wako unakatikakatika, pakua kwa torenti, kwa kuwa inaendelea pale ilipoishia. Bando la usiku linafaa sana kwa kazi hii.

Likishafika, usiruke ukaguzi. Ndani ya Command Prompt nenda kwenye folda lilipo faili, kisha andika certutil -hashfile, nafasi, jina la faili, nafasi, SHA256. Utapewa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulio kwenye faili la sha256sum.txt la Mint. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Visa vingi vya "imegoma katikati ya kusakinisha" ninavyoletewa vinaanzia hapa.

5. Andika Mint kwenye flashi.

Tumia Rufus, programu ya kuandikia flashi. Chagua flashi, chagua faili la ISO (lile la Mint ulilopakua), bonyeza Start, na likija swali la namna ya kuandika, acha chaguo lililopendekezwa. Kosa la kawaida ni kuburuta lile faili la ISO na kuliweka ndani ya flashi kama wimbo. Haitawaka hivyo. Lazima iandikwe kwa programu, na vilivyokuwemo kwenye flashi vitafutika.

6. Washa kompyuta kutoka kwenye flashi.

Zima kabisa, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwa HP ni F9, au Esc kisha F9. Dell, Lenovo na Acer nyingi ni F12. Laptopu za ASUS ni Esc. Gonga mfululizo tangu unapobonyeza kitufe cha umeme. Ukisubiri nembo itokee, umechelewa.

7. Kaa ndani ya flashi siku nzima.

Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka flashi, usiihukumu kwa hilo. Kagua Wi-Fi, sauti, maikrofoni, kamera, vitufe vya mwanga na pedi ya kipanya. Funga kifuniko, ufungue, uone kama inaamka. Chomeka printa. Fungua faili zako halisi kwa LibreOffice, hasa lile lenye majedwali mengi unaloliogopa.

Kitu kikigoma hapa, kitagoma hata ukisakinisha. Kitafutie dawa sasa, wakati Windows yako bado nzima.

8. Sakinisha.

Bonyeza mara mbili alama ya "Install Linux Mint" kwenye dawati. Lugha na kibodi vinajieleza. Kwenye swali la kodeki, yaani vinavyowezesha video na muziki kucheza, weka tiki. Kama Secure Boot, kinga ya mashine dhidi ya mifumo isiyoaminika, imewashwa, unaweza kuombwa kubuni neno la siri la muda. Liandike pembeni, kwani mashine ikiwaka upya itakuja skrini ya bluu, utachagua "Enroll MOK" na kuliweka. Watu wengi huiona skrini hiyo wakadhani wameharibu, wakapita, halafu wanashangaa Wi-Fi haipo.

Kisha linakuja swali lenyewe, la diski. Tulia hapa.

Kuweka mifumo miwili: kabla hujafika hapa, ulipokuwa Windows, ulitakiwa kufungua Disk Management na kupunguza patisheni (kipande cha diski) ya C ili ubakize nafasi tupu, GB 50 au zaidi. Hukufanya? Toka, rudi ukafanye. Windows ikate yenyewe patisheni yake, ni salama zaidi. Kisha chagua "Install Linux Mint alongside".

Kufuta Windows kabisa: chagua "Erase disk". Kabla ya kubonyeza soma ukubwa wa diski uliotajwa. Kama laptopu yako ni ya GB 256 na unaona TB 1, hiyo si diski ya laptopu. Simama.

"Something else" iache, mpaka siku utakayoweza kumweleza mtu mwingine patisheni ni nini.

Kwenye ramani bonyeza Afrika Mashariki, upate saa zetu. Buni jina na neno la siri ambalo hutalisahau, maana utaulizwa kila unaposakinisha kitu. Robo saa hadi nusu saa kazi imekwisha. Ikikuambia, chomoa flashi na ubonyeze Enter.

9. Saa ya kwanza.

Dirisha la kukaribisha lina orodha nzuri, lakini mpangilio wangu ni huu. Anza na Timeshift, uiambie ipige picha ya mfumo kila wiki na kutunza mbili. Ukiharibu mipangilio unarudi nyuma kwa dakika chache. Ielewe vizuri lakini: Timeshift inatunza mfumo, haitunzi barua zako wala picha zako. Kisha fungua Update Manager uchukue masahihisho yote. Mwisho Driver Manager, inayotafuta draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, hasa kama una kadi ya Nvidia au Wi-Fi ya Broadcom.

10. Sakinisha programu kwa njia ya Linux.

Mazoea ya Windows ni kutafuta programu Google na kupakua faili la exe. Yaache. Fungua Software Manager, andika jina, bonyeza Install. Mara nyingi utaona programu moja kwa namna mbili: System Package na Flatpak. Flatpak huwa mpya zaidi, ila ya kwanza unayoiweka inaweza kuvuta mamia ya MB za ziada. Mwenye bando la kuhesabu achague System Package. Chrome, Zoom na nyingine chache zinatoa faili la .deb kwenye tovuti zao. Hizo sawa.

Na flashi za wateja? Kwenye steshenari ndiyo faida niliyoiona mapema kuliko zote. Flashi yenye kirusi kile kinachogeuza folda zote kuwa njia za mkato, ukiichomeka kwenye Mint, unaona folda halisi zikiwa zimekaa tu, hata zile zilizofichwa. Kirusi hicho kimeandikwa kwa Windows, hapa hakina la kufanya. Ila hakijafa: ukinakili flashi nzima na kumpa mtu wa Windows, umempelekea.

Yakigoma

Skrini nyeusi baada ya kuchagua flashi. Washa upya, na kwenye menyu ya kwanza ya Mint chagua "compatibility mode". Ukishasakinisha, Driver Manager itakupa draiva sahihi ya kadi yako.

Kisakinishi hakioni diski. Mara nyingi diski imewekwa kwenye hali ya RAID au Intel RST ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine iliyo nje ya Windows), inatakiwa hali ya AHCI. Tahadhari: kama unabaki na Windows pia, usigeuze ovyo, itakataa kuwaka. Iambie Windows kwanza iwake kwa Safe Mode, geuza BIOS, iache iwake mara moja, kisha iondoe kwenye Safe Mode.

Wi-Fi haionekani. Hapa ndipo simu inapoingia. Iunganishe kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Mint itaipokea bila maswali. Kisha Driver Manager.

Modemu ya USB. Chomeka na usubiri nusu dakika kabla ya kukata tamaa. Bonyeza alama ya mtandao, ongeza muunganisho wa simu, chagua nchi na mtandao wako.

Inaingia Windows moja kwa moja, Mint haionekani. Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa kuwashia, pandisha Linux juu. Usitafute neno Mint. Kwa kawaida imeandikwa "ubuntu", kwa kuwa Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Masahihisho makubwa ya Windows huweza kuirudisha chini tena.

Saa ya Windows imerudi nyuma saa tatu. Si betri ya ubao wa mashine. Linux huandika saa ya Greenwich kwenye ubao, Windows hudhani ni saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele. Fungua Terminal ndani ya Mint uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Diski ya Windows inafunguka ila huwezi kuandika. Hukufanya hatua ya 3.

Umeme umekatika katikati ya masahihisho. Usisakinishe upya. Terminal, amri mbili, moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Printa. HP nyingi zinakubali zenyewe kupitia HPLIP, draiva za HP. Epson za tangi la wino, kama L3110, zinafanya kazi kwa draiva ya escpr. Canon LBP2900 na ndugu zake wa zamani zinataka draiva ya CAPT, ambayo kuiweka kunahitaji subira. Kama hiyo ndiyo printa yako ya kila siku, bakiza Windows pembeni kwa ajili yake.

Umejaribu, hutaki, unarudi Windows. Chukua ile flashi ya pili, washa nayo, sakinisha. Ukiulizwa namba ya leseni, chagua kwamba huna. Kama Windows yako ilikuwa halali, itautambua ubao wa mashine ikipata intaneti na kujiwasha yenyewe. Kama ilikuwa ile iliyokrakiwa mtaani, mrudie aliyekupigia.